Kiazi kikuu na asumini katika ua mmoja: nani ampishe mwenzake?

MkaaUani

Wanajukwaa, salaam. Naomba mnivumilie kwa urefu wa andiko hili, kwa kuwa jambo lenyewe lina mizizi na matawi.

Nyuma ya nyumba ya mama yangu huko Pangani kuna ua wa makuti, na katika pembe yake ya mashariki umesimama mwasumini ambao bibi aliupanda kabla mimi sijazaliwa. Mwaka juzi mama alikata kichwa cha kiazi kikuu alichokuwa akikipika, akakitupa kwenye shimo la takataka lililo hatua tatu kutoka hapo. Hakukipanda, alikitupa tu. Mvua za vuli zilipoanza kikachipua, kikatafuta cha kushika, na cha kwanza kukutana nacho kikawa mwasumini wa bibi. Kufikia katikati ya masika hapakuwa na mtu ambaye angeweza kusema kwamba chini ya majani yale mapana kulikuwa na mmea mwingine. Vitumba vikaadimika, na jioni ile harufu tuliyoizoea ikawa haiji tena barazani.

Baba mdogo, ambaye hupima kila mmea kwa sufuria, akasema mwasumini ukatwe kwa sababu maua hayashibishi mtu. Mama akasema king'olewe kiazi, kwa sababu kiazi hununuliwa sokoni lakini mwasumini wa marehemu haununuliwi. Hivyo ugomvi wa ua, ambao wingi wake ni nyua, ukageuka kuwa ugomvi wa ua, ambalo wingi wake ni maua. Mimi nikaombwa niamue, na kabla ya kuamua nikaona ni haki niichunguze mimea yote miwili bila upendeleo.

Nianze na namna inavyopanda, maana humo ndimo dhuluma ilimofanyika. Shika shina la kiazi kikuu kati ya vidole viwili nawe utahisi pembe nne, na katika kila pembe pana utando mwembamba uliosimama kama pezi la samaki, mara nyingi wenye rangi ya zambarau. Ni kwa sababu ya utando huo kitaalamu kikaitwa Dioscorea alata, yaani chenye mabawa. Hakina vikono vya kunasia kama vya mtango au mzabibu. Mwili mzima wa shina ndio unaojisokota, nao husokotea upande wa kulia, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka ufike mwisho wa kile ulichokishika. Mwasumini hauna nguvu hiyo. Ni kichaka chenye matawi marefu yanayoegemea, yanayohitaji kupitishwa kwa mkono katikati ya fito na kufungwa kwa ukindu, la sivyo hulala chini. Basi mmoja hukumbatia na mwingine huegemea, na aliyeegemea ukutani akikumbatiwa hana pa kukimbilia.

Majani nayo huweza kumdanganya mtazamaji wa mbali, kwa kuwa kwenye mimea yote miwili hukaa mawili mawili yakikabiliana. Ukisogea karibu, jani la kiazi lina umbo la moyo, lenye mishipa mikubwa inayotoka kwenye kikonyo na kukimbilia nchani, ilhali jani la asumini ni la mviringo mrefu, limekaza, na lina mng'aro kama lililopakwa mafuta.

Sasa nifike kwenye jambo lililonishangaza. Nilikuwa nikidhani kwamba mmoja ni mmea wa tumbo na mwingine ni wa pua, na kwamba tofauti imeishia hapo. Lakini kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba mimea hii miwili ina undugu wa maisha, ijapokuwa haina undugu wa damu. Yote miwili ilikuja kwetu kwa bahari kutoka Asia: asumini asili yake ni India na nchi zilizo chini ya milima ya Himalaya, na kiazi kikuu kilitoka kusini-mashariki mwa bara hilo. Wamalagasi, ambao lugha yao ni ndugu wa lugha za Borneo, hukiita ovy, na Wamalai husema ubi; neno ni moja, limevuka bahari ndani ya chombo kimoja na zao lenyewe. Huko Ufilipino vitu hivi viwili hukaa pamoja bila ugomvi, kwani asumini, kwa jina lao sampaguita, ni ua la taifa tangu 1934, na kiazi kikuu cha zambarau, kwa jina la ube, hutiwa katika vitamutamu vya kila namna.

La ajabu zaidi ni kwamba yote miwili imesahau kujizaa. Kiazi kikuu kina mmea dume na mmea jike mbalimbali, na aina nyingi zinazolimwa huchanua kwa nadra au hazichanui kamwe. Mwasumini huchanua karibu mwaka mzima, lakini ni mara chache mno hufunga tunda. Kwa hiyo kila kiazi kikuu unachokila ni kipande cha kiazi kilichotangulia, na kila mwasumini unaounusa ni tawi la mwasumini mwingine, na mnyororo huo umeshikwa na mikono ya watu tangu jahazi la kwanza mpaka shimo la takataka la mama yangu. Ule mwasumini wa bibi si mfano wa mwasumini alioupata kwa jirani yake, ndio uleule.

Kinachoitenganisha kwa kweli ni saa. Kiazi kikuu hupandwa mvua zinapoanza, hukaa ardhini miezi minane hadi kumi, kisha majani yake hugeuka manjano na kukauka kabisa, nacho hulipa mara moja. Baada ya kuchimbwa hulala miezi miwili hadi minne, halafu huamka chenyewe hata kikiwa juu ya rafu bila udongo wala maji. Asumini hailipi mara moja. Kitumba kikiwa cheupe na kimejaa alasiri, hufunguka jua likizama, hunukia usiku kucha, na kesho yake petali hupata wekundu hafifu kabla ya kuanguka. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, alipouandika mmea huu mwaka 1753 aliuweka katika jenasi, yaani kundi la mimea ya karibu, aliyoiita Nyctanthes, yaani ua la usiku, na ingawa baadaye ulihamishiwa katika jenasi ya Jasminum, kwa maoni yangu jina lile la kwanza lilikuwa na ukweli zaidi.

Kwa hiyo kazi zake hazifanani. Mwenye kiazi hufanya kazi kubwa siku mbili kwa mwaka, ya kuchimba shimo na ya kuchimbua. Mwenye asumini hufanya kazi ndogo kila siku, na akiiacha wiki moja amepoteza wiki nzima ya maua. Naona baba mdogo anapenda kiazi kwa sababu hakimwombi chochote kati ya Desemba na Juni.

Naomba maoni yenu, hasa ya wale ambao wamewahi kuikuza yote miwili katika eneo dogo.

Wa_Mlimani

Shukrani kwa uzi ulioandikwa kwa utulivu. Mimi ni wa Kirinyaga, Kenya, na huku viazi vikuu tunaviita ikwa, kimoja ni gikwa. Ile aina ya wazee wetu si hiyo ya mabawa bali ni Dioscorea minutiflora, ambayo haifi kila mwaka. Mkulima huchimbua upande mmoja, hukata kiasi cha kupika, hufukia, na mmea huendelea kwa miaka mingi. Nataja hilo kwa sababu maelezo yako kwamba kiazi kikuu hulipa mara moja ni ya kweli kwa aina yako, lakini si kwa aina zote.

Jambo la pili ni mtegemeo. Wazee hawakukiacha gikwa kitafute chenyewe cha kushika. Walipanda mti uitwao mukungugu, ambao huota kwa kuchomekwa tawi tu, kisha wakapanda gikwa chini yake, na mti na mzabibu wake vikazeeka pamoja. Mukungugu una kivuli chepesi na haulemewi kwa urahisi. Ninasema mzabibu kwa mazoea, mnisamehe. Ushauri wangu ni kwamba kosa halikuwa la kiazi wala la mwasumini: kiazi kilinyimwa mti wake, kikaiba wa mwenzake.

Bi_Kibokoni

MkaaUani mwanangu, nimesoma yote na nimefurahi, ila kwa baba yako mdogo nina neno. Mwambie kwamba hapa Mombasa wako wanawake waliosomesha watoto kwa asumini. Hayo maua asiyoyaona kwenye sufuria ndiyo yaliyonunua unga wa kutia ndani yake.

Wewe umeeleza mmea, nami nieleze kazi. Asumini huchumwa baada ya alasiri, kabla ya magharibi, vikiwa vitumba. Kitumba kilichofunguka hakifai kutunga kwa sababu kikiguswa na sindano hupata alama ya kahawia, na kitumba cha kijani hakitafunguka hata ukikibembeleza mpaka asubuhi. Unachukua vile vyeupe tu, vilivyovimba, vyenye kikonyo kirefu. Vinawekwa katika kitambaa kibichi, si ndani ya maji, kwa maana maji huvilainisha. Halafu unatunga. Koja hupitishwa uzi katikati ya vikonyo, kimoja kikielekea huku na kingine kule, ili lisijikunje. Kikuba ni kazi nyingine: asumini chache, mrihani kwa ajili ya ubichi wa harufu, vipande vya mkadi, na ukipata kilua unatia, kisha unafunga pamoja na kuchomeka nguoni au nyweleni. Anayevaa kikuba saa moja ya usiku anavaa vitumba vinavyofunguka juu ya mwili wake, na hapo ndipo uzuri wake, kwa sababu saa nne harufu ni kali kuliko alipotoka nyumbani.

Na siku ya harusi hutandazwa kitandani. Hujapata kusikia mtu ametandaziwa viazi.

Kuhusu mwasumini wa bibi yako, usihuzunike kwa kufunikwa. Mwasumini huchanua kwenye matawi machanga, kwa hiyo ule uliozeeka bila kukatwa hutoa majani mengi na maua machache hata usipofunikwa na kitu. Huenda ulikuwa ukihitaji kisu miaka mingi, nanyi mkawa mnauheshimu kupita kiasi.

Msomaji_Tu

Ningependa kuuliza jambo dogo. Je, kiazi kikuu si jamaa wa kiazi kitamu? Vyote vinatambaa, vyote vina majani yanayokaribia umbo la moyo, na vyote huliwa vilivyo chini.

MkaaUani

Swali zuri, na jibu lake ni hapana, tena ni mbali sana. Kiazi kikuu ni monokotiledoni, yaani mmea ambao mbegu yake ina jani moja tu la mwanzo, kwa hiyo kiko karibu zaidi na mnazi na muhindi kuliko kiazi kitamu, ambacho kilitoka Amerika. Majani yake hudanganya kwa sababu mishipa yake midogo imesukwa kama wavu, jambo ambalo si la kawaida katika kundi lake. Mwasumini, kwa upande wake, ni wa ukoo wa mzeituni. Ukipanga mimea hii mitatu kwa nasaba, basi kiazi kitamu na asumini ndizo zitakaa jamvi moja, na kiazi kikuu kitakaa peke yake. Hata matumizi ni tofauti: majani ya kiazi kitamu ndiyo matembele tunayoyapika, lakini majani ya kiazi kikuu hatuyali.

Bi_Kibokoni, shikamoo mama. Nimemsomea mama yangu maneno yako yote, na nilipofika kwenye kitanda cha harusi alicheka mpaka akaweka chini ungo wa mchele.

Wa_Mtwara_Mikindani

Niongeze upande wa mwituni, kwa sababu mjadala unazungumzia mimea ya uani kana kwamba ndugu zao wa porini hawapo. Sisi wa Mtwara na Lindi tuna ming'oko, ambayo ni jamii ya kiazi kikuu, nyembamba kama vidole, inayochimbwa msituni wakati wa kiangazi na kuuzwa mjini ikiwa imechemshwa. Haipandwi kama zao, huchimbwa tu, na kila mwaka wachimbaji huenda mbali zaidi kuipata. Uliandika kwamba kiazi kikuu kimeshikwa na mikono ya watu. Ming'oko haikushikwa na mtu yeyote, nayo ndiyo inayopungua.

Kuna pia ndiga, na hapa naomba kila msomaji atulie. Ndiga ni kiazi mwitu chenye sumu, kilichokuwa kikiliwa wakati wa njaa baada ya kumenywa, kukatwa vipande na kulowekwa kwa siku kadhaa huku maji yakibadilishwa, na waliokosea waliugua vibaya au walikufa. Jani lake lina vijani vitatu. Sasa, katika vichaka vyetu vya pwani kuna asumini mwitu, yenye maua madogo meupe yanayonukia vizuri, nayo pia jani lake lina vijani vitatu. Mtu asiyezoea huweza kuchanganya. Kwenye asumini mwitu majani hukabiliana mawili mawili, shina ni la mti, na matunda ni vijipunje vyeusi. Kwenye ndiga majani hupishana, shina lina miiba midogo, na kiangazi lote hukauka. Usichimbe chochote porini kwa kutegemea andiko la mtandaoni, hata hili langu. Nenda na mzee anayejua.

La kufurahisha ni kwamba hiyo asumini mwitu yetu kitaalamu inaitwa Jasminum fluminense, jina linalohusu Rio de Janeiro, kwa sababu mtaalamu aliyeiandika aliikuta Brazili, ambako ilikuwa imeshapelekwa kutoka Afrika. Mwenyeji wa hapa amepewa jina la ugenini. Na huko Florida, Marekani, asumini hiyo pamoja na kiazi kikuu cha mabawa vyote vimeorodheshwa kama mimea vamizi inayofunika misitu. Kwa hiyo kilichotokea kwenye ua wa mama yako, huko kimetokea kwa ukubwa wa msitu.

Shamba_Dogo

Nimekuza yote miwili Muheza kwa miaka kadhaa na nitasema kwa ufupi. Mwasumini unataka jua kamili, na kiazi kikuu majani yake yanataka jua lakini mguu wake unapenda ubichi na mbolea. Usiweke karibu kwa chini ya hatua kumi. Shimo la kiazi lijazwe majani makavu na samadi iliyooza, na kipande cha kupanda kisipungue ukubwa wa ngumi, chenye ganda. Adui yake mkubwa ni ugonjwa wa madoa meusi ambao huunguza majani na mashina wakati wa mvua nyingi. Mabaki yake yachomwe, yasitupwe shimoni. Na kwa wanaonunua miche ya asumini barabarani, angalieni. Kipo kichaka chenye maua membamba ya kijani hafifu, kinachonukia usiku kwa ukali, ambacho huuzwa kwa jina la yasmini. Hicho ni cha ukoo wa mnavu, na matunda yake ni sumu. Kama kuna watoto nyumbani, kiacheni.

MkaaUani

Nimerudi kutoa taarifa, maana mmenisaidia na haifai nikae kimya.

Sikuchagua. Tulisubiri mpaka majani ya kiazi yalipogeuka manjano, mwezi wa Agosti, kisha tukachimba. Tulitumia mti uliochongwa na mikono, si jembe, na hata hivyo nilikivunja ncha moja, kwa kuwa kilikuwa kimepinda chini ya mawe ya msingi wa ua kama mtu aliyelala kwa kujikunja. Ganda lilikuwa jeusi lenye nywele, na pale kilipovunjika ndani palikuwa peupe na ute unaovutika. Kwenye mizani ya duka la jirani kilikuwa na kilo saba na kidogo. Mama alikipika kwa tui zito, kitunguu na ndimu, akakigawa nyumba nne.

Kichwa hakikutupwa safari hii. Kama alivyoshauri Wa_Mlimani, tumekipa mti wake: kiko chini ya mkorosho mkongwe uliokauka tawi moja, upande wa pili wa nyumba, hatua kumi na nane kutoka kwenye mwasumini. Nimezihesabu kwa ajili ya Shamba_Dogo.

Mwasumini nao ulikatwa kwa kisu cha Bi_Kibokoni, ukabaki urefu wa goti. Mama hakutaka kutazama. Aliingia ndani na kufunga dirisha. Matawi tuliyoyakata nilichagua yale yaliyokomaa kiasi, yenye vifundo vitatu au vinne, nikaondoa majani ya chini na kuyachomeka katika mchanga uliochanganywa na mbolea, kivulini. Manane yameshika mizizi. Mawili yamekwenda kwa majirani, na moja baba mdogo amelichukua kwa ajili ya nyumba yake bila kueleza sababu.

Mvua za vuli zimeanza tena. Jana alasiri mama aliniita nihesabu vitumba kwenye matawi mapya, vikawa ishirini na vitatu, vyote vyeupe, vyote vimejaa. Wakati ninahesabu, baba mdogo alikuwa jikoni na kipande cha mwisho cha kiazi, akijipaka mafuta ya nazi mikononi kabla ya kumenya, ili kisimwashe.